Mafunzo kwa Mtandao Yawe Kweli Mafunzo Kazini



Tuanze na istilahi: mafunzo kazini. Kiambishi -ni mwishoni mwa neno “kazi” kinaonyesha mahali, yaani mafunzo yanamfuata mfanyakazi pale pale alipo. Siku hizi mafunzo hayo yanazidi kutolewa kwa njia ya mtandao, na waajiri huyasifu kwa kuwa hayahitaji nauli, ukumbi wala posho. Nayaunga mkono, ila kwa sharti moja: gharama iliyoondolewa kwa mwajiri isihamishiwe kwa mfanyakazi.

Mfano mwema tunaupata kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2005, shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, lilianzisha mafunzo kwa mtandao ili kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi ngazi ya diploma. Waliolengwa walizidi 20,000. Lau wangalipelekwa wote vyuoni, nani angalibaki wodini na wagonjwa? Kwa hiyo kompyuta ziliwekwa hospitalini na vyuoni, muuguzi akasoma huku akiendelea na kazi. Hata hivyo, skrini haikuachiwa kila kitu. Ustadi wa mikono ulifunzwa kwa vitendo, chini ya uangalizi wa wenye uzoefu. Na aliyefaulu alitambuliwa kwa ngazi mpya, kama wasemavyo wahenga: chanda chema huvikwa pete.

Sasa turudi kwetu Jabe. Tumfikirie dada auzaye katika duka la dawa. Mwajiri wake anamwambia, “Somo limo kwenye simu yako, ulimalize kabla ya Jumatatu.” Simu ni yake, bando la intaneti ni lake, na saa za kusoma ni zile za usiku, baada ya kupika na kuwalaza watoto. Umeme ukikatika, hasara ni yake pia. Zaidi ya hayo, somo limeandikwa kwa Kifaransa kigumu, ilhali yeye na wateja wake huelewana kwa Kiswahili na Kirundi. Atabonyeza majibu hadi cheti kitoke. Cheti kitakuwapo, lakini je, maarifa? Anayeumia mwisho ni mgonjwa atakayepewa kipimo kisicho sahihi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye duka dogo hana uwezo wa hospitali. Ni kweli, lakini hatudai maabara ya kompyuta. Saa moja ndani ya zamu, somo lililopakuliwa mapema, lugha inayoeleweka, na mtu mmoja mzoefu wa kumsahihisha anayejifunza: hayo hayamshindi mwajiri mwenye nia njema.

Nanyi, vijana, kesho mtakuwa wafanyakazi, na baadhi yenu waajiri. Mkipewa mafunzo ya mtandao, ulizeni kwa adabu: tutasoma saa ngapi, kwa gharama ya nani, na nani atatazama kazi ya mikono yetu? Palipo majibu ya maswali hayo, mtandao ni mwalimu wa kweli. Pasipo majibu, ni kazi ya ziada isiyolipwa.

Jadilini wawili wawili, kisha mwandike aya moja: je, saa ya kujifunza ihesabiwe kuwa saa ya kazi?