Babu wa Kifaru

Leo naomba tuweke kando mambo ya mavazi na mapenzi nikusimulie nilivyohangaishwa na mwanamume wa sentimita 5.

Bibi yangu kazaliwa 1947, mwaka mmoja baada ya baba yake kurudi kutoka Burma alikokuwa keya, yaani askari wa KAR. Picha yake ilikuwepo moja tu, ikaliwa na mchwa. Kila sikukuu bibi husema, "Mjukuu wangu, sura ya baba yangu nitaondoka nayo." Maneno hayo huniuma. Basi mshikaji wangu mmoja baharia aliponiletea kisanamu cha plastiki, askari wa Burma wa kipimo cha 1/35, nikasema huyu huyu!

Usidhani kazi ni kupaka tu. Kwanza nilikiosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani kina mafuta ya kalibu, rangi haishiki. Nikakwangua kwa wembe ule mstari wa maungio, nikamalizia kwa msasa laini. Alikuwa Mzungu mwenye pua ndefu, nikaipunguza kwa tupa. Samahani, mzee! Nikamgandisha juu ya kizibo cha soda ili nishike kizibo, si yeye. Kisha praima ya kijivu, nyembamba, nikaiacha ikauke usiku kucha.

Sare zao kule msituni zilikuwa za kijani, na kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja. Hapo sikupata taabu. Taabu ilikuwa uso. Nilichukua kahawia iliyokoza, nikaichanganya na nyeupe ili kung'arisha mashavu, nikampelekea bibi mbio mbio. Akavaa miwani, akamgeuza geuza.

"Mbona kapauka hivi? Baba yangu alikuwa anajipaka mafuta!"

Bwana wee, nilitamani ardhi inimeze. Lakini alisema kweli. Ngozi nyeusi ukiing'arisha kwa nyeupe inageuka ya majivu. Nikafuta kwa spiriti, nikaanza upya: kahawia yenye wekundu, juu yake rangi ya chungwa kidogo mno, na chini ya kofia kivuli cha bluu nzito. Rangi nyepesi kama maziwa, narudia mara tatu. Macho nikayaweka kwa ncha ya kijiti cha meno, nimebana pumzi.

Ikabaki alama ya begani. Kutafuta-tafuta nikakuta kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw kwenye mvua mwaka 1944 hadi kuuvuka mto Chindwin, alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Nikabaki mdomo wazi. Marehemu alizoea kusema, "Mimi nilikuwa wa kifaru," na ukoo mzima tumejitapa miaka yote kwamba aliendesha kifaru cha vita. Kumbe mnyama!

Sasa nani atamwambia bibi? Nilizunguka siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia, huku nimekaa karibu na mlango.

Bibi akacheka mpaka machozi. Halafu akanyamaza kitambo.

"Ndiyo maana miguu yake ilikuwa vile," akasema. "Ilikuwa na makovu mpaka magotini. Mimi nilikuwa najiuliza, dereva gani ana miguu ile?"

Akamchukua yule mwanajeshi, akamweka kiganjani. "Sura siyo yake, usijidanganye. Ila mpake tope kwenye buti."

Nikachota udongo mwekundu wa uani, nikauchekecha, nikauchanganya na gundi, nikampaka mpaka magotini. Sasa yuko juu ya kabati la vyombo, na mgeni akiingia bibi husema, "Huyo ni baba yangu, alitembea kwa miguu."

Msomaji, kama kwenu yuko mzee mwenye hadithi, muulize leo, mchwa hawalali. Tukutane wiki ijayo.