Usiuze Mahindi Ununue Mikisa

Wasee, wacha niseme wazi: kama una laptopu na unataka kuanza podikasti ya mahojiano ya simu, pesa ya mikisa iweke kando kwanza. Unachokosa ni waya tu, na waya wenyewe ni wa bure na hauonekani.

Kuna jamaa hapa Kachibora anataka kuhoji watu wa kwetu wanaofanya kazi Doha na Riyadh, kwa WhatsApp ya kompyuta. Akirekodi, sauti yake inaingia, ya mgeni haiingii. Muuzaji mmoja akamwambia dawa ni mikisa. Sasa anahesabu ni magunia mangapi ya kilo 90 yatoke kwa stoo ya mamake, na hayo mahindi ndiyo karo ya dadake Januari. Hapo ndipo nilikasirika.

Kwa sababu tatizo ni rahisi hivi. Windows inajua vifaa vya aina mbili: vya kutoa sauti, kama spika, na vya kuingiza, kama maiki. WhatsApp inatuma sauti ya mgeni kwa spika. Programu ya kurekodi inasikiliza maiki. Katikati hakuna njia. Ndio maana watu huishia kuweka simu karibu na spika, halafu mgeni anasikika kama ameongelea ndani ya mtungi.

VB-CABLE inajenga hiyo njia. Ukishaiweka na kuwasha kompyuta upya, unapata CABLE Input kwenye orodha ya spika na CABLE Output kwenye orodha ya maiki. Majina yanachanganya kiasi, lakini fikiria bomba la maji: unamwaga kwa Input, unakinga kwa Output. Aliyeitengeneza ni Mfaransa, Vincent Burel, na anaitoa kwa mtindo wa changia ukipenda.

Shida ya kebo tupu ni kwamba sauti ya mgeni ikiingia humo, wewe humsikii. Hapo ndipo VoiceMeeter Banana, ya huyo huyo Burel, inaingia. Hii ni mikisa kamili, ila imechorwa kwa skrini: nafasi 3 za maiki za kweli, 2 za sauti kutoka kwa programu. Vitufe vya A vinapeleka sauti kwa masikio yako, vya B vinaipeleka kwa programu nyingine. Maiki yako iwashie B1 na B2. Mgeni umwashie A1 na B2. WhatsApp isikilize B1, programu ya kurekodi isikilize B2. Basi. Mgeni usimwashie B1 hata kidogo, atajisikia akijirudia na atakata simu. Mafundi wa redio wanaijua hii kitambo: anayepiga simu studioni anarudishiwa kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe.

Kama kompyuta yako ina Windows mpya kiasi, kuna njia fupi zaidi. OBS, tangu toleo la 28 la mwaka 2022, inaweza kunasa sauti ya programu moja bila kebo yoyote. Lakini wengi wetu tuko na hizi laptopu za ex-UK ambazo hazijasasishwa tangu zishuke kwa meli, so Banana bado ni rafiki.

Sisemi ni miujiza. Sauti ikianza kukwaruza, angalia kama kifaa kimoja kimewekwa 44100 na kingine 48000, uviweke sawa. Windows ikiamua kujisasisha katikati ya mahojiano, utatamani ungekuwa na mashine ya chuma. Na mvua ya Cherang'any ikipiga mabati, hakuna programu itakuokoa, subiri iishe. Mikisa ya kweli ina kazi yake: kwaya, ama watu wanne mezani kila mmoja na maiki yake. Mtu mmoja na mgeni wa Doha? Hapana bana.

Halafu, kwa vile sasa unaweza kunasa simu yoyote kimya kimya, mwambie mgeni kabla hujaanza kurekodi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila hiyo, mtu anayefanya kazi nyumbani kwa watu Riyadh akisikika akimlalamikia mwajiri, ni yeye anaumia, si wewe. Muulize pia kama anataka jina litolewe.

Ukishindwa kabisa kukaa na pesa mfukoni, nunua spika za masikioni za waya zenye maiki. Zile za Bluetooth, maiki yake ikiwaka tu, sauti inashuka hadi ya simu ya kabambe.