AFYA NYUMBANI: Msiisahau Sindano ya Nne

Mtu wa Ogwedhi aliyekaa Nairobi miaka mingi, akirudi nyumbani kwa sikukuu ya Krismasi, mara nyingi hushikwa na malaria kali kuliko nduguye asiyeondoka. Jamaa hushangaa, kwa kuwa wote wawili walikulia boma moja na kuumwa na mbu wale wale.

Sababu yake ni hii. Mwili wa binadamu una askari wake katika damu. Vijidudu vya ugonjwa viingiapo, askari hao hujifunza sura yao na kutengeneza silaha za kupigana navyo, ambazo wataalamu huziita kingamwili. Mtoto azaliwaye pande hizi za Ziwa Victoria hupata kinga kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata akiwa mtu mzima malaria haimwangushi kwa urahisi. Lakini akihama, asikutane na vijidudu hivyo kwa muda mrefu, kinga hiyo hufifia. Mwili nao husahau.

Tena shule hiyo ni ya ada kubwa mno, maana mwanafunzi wake ni mtoto mdogo, na wengi hufa kabla hawajahitimu. Kazi ya chanjo ni kuufundisha mwili somo lile lile bila kuupitisha katika ugonjwa.

Wafugaji wetu waijua faida ya jambo hili. Chanjo ya sotoka iliyotengenezwa huko Muguga, karibu na Nairobi, na Dr. Walter Plowright na wenzake, ilimkinga ng'ombe maisha yake yote kwa sindano moja tu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Malaria ni adui mjanja zaidi. Mbu akimwuma mtoto, vijidudu hupita katika damu kwa muda mfupi, kisha hujificha ndani ya ini. Humo huzaana maelfu kwa maelfu, na baada ya siku kadhaa hutoka vikiwa vimebadili sura na kuvamia chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa hupanda. Chanjo iitwayo RTS,S imetengenezwa kwa mfano wa kipande cha ganda la nje la kijidudu, wala hamna kijidudu kizima ndani yake. Kwa hiyo haiwezi kumtia mtoto malaria. Askari wa mwili wakiisha kukijua kipande hicho, huviotea vijidudu njiani kabla havijafika katika ini.

Utafiti wa chanjo hii ulianza katika miaka ya 1980. Tangu mwaka 2009 ilijaribiwa kwa watoto wa nchi 7 za Afrika, na hapa Kenya ilijaribiwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Tarehe 13 Septemba 2019 ilizinduliwa huko Homa Bay, ikaanza kutolewa katika sehemu za kaunti 8, Migori ikiwa mojawapo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika.

Je, yafaa kiasi gani? Katika majaribio, watoto waliopata sindano zote nne waliepushwa na malaria karibu mara 4 katika kila mara 10 ambazo wangaliugua. Chanjo ilipotolewa Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Yaani haizuii kila homa, lakini hupunguza makaburi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wazazi. Kwa ratiba iliyoanza nayo Kenya, sindano tatu zilitolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7 na 9, na ya nne akiwa na miezi 24. Zile tatu za kwanza wengi huzifuata. Ya nne huja mtoto amekwisha kutembea na kucheza. Zahanati ni mbali, na mahindi yangoja kupaliliwa au tumbaku yangoja kuchumwa. Wazazi husema, "Huyu amekwisha kuchanjwa," wakakaa. Kumbe kinga ya sindano zile tatu hufifia, kama ilivyofifia ya yule ndugu aliyehamia Nairobi. Sindano ya nne ndiyo huukumbusha mwili somo lake.

Basi, baba na mama, itoeni kadi ya mtoto leo jioni mkahesabu. Ikiwa sindano moja imekosekana, mpelekeni zahanati hata kama mmechelewa, mkamwulize mganga la kufanya. Wala msikitupe chandarua kwa kuwa mtoto amechanjwa, na mtoto akishikwa na homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Ng'ombe alitosheka na sindano moja. Mtoto anazihitaji zote nne.