Msikiti Hujengwa na Wenye Kuswali



Wapenzi wasomaji, juma hili twawapeleka Rhodes, kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu na pwani ya Uturuki. Mwishoni mwa mwaka 1522, baada ya kuuzingira kwa takriban miezi sita, Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya aliutwaa mji wa kisiwa hicho. Msikiti ukasimamishwa kwa jina lake, juu ya mtaa wa soko. Jengo lionekanalo leo, lenye kuta za rangi ya waridi, ni la mwaka 1808. Mkabala nalo ipo maktaba aliyoiweka wakfu Hafiz Ahmed Agha mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki.

Mnara wa msikiti huo ulipotishia kuanguka uliteremshwa mwaka 1987, kisha ukajengwa upya. Hata hivyo, swala tano haziswaliwi tena humo. Mitaa michache kutoka hapo, Msikiti wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, ungali unaswaliwa.

Waliobaki kuuswalia ni kina nani? Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki ziliafikiana kubadilishana watu kwa misingi ya dini, na Waislamu wa kisiwa cha Krete wakahamishwa. Rhodes ilikuwa mikononi mwa Italia tangu mwaka 1912, hivyo Waislamu wake hawakuguswa na mapatano hayo. Kisiwa kilipoingia Ugiriki mwaka 1947, jamaa zao walikuwa wangalipo. Ni wachache, lakini kwao adhana haikukatika.

Nasi hapa Pwani, alhamdulillahi, ni wepesi wa kuchangia rangi, mazulia na vipaza sauti. Hiyo ni kheri. Lakini tujiulize: katika safu ya alfajiri, vijana ni wangapi? Zulia jipya haliitikii amina. Katika Suratut Tawba, aya ya 18, Mwenyezi Mungu amewataja waimarishao misikiti Yake kwa imani, swala, zaka na kumcha Yeye, hakutaja marumaru.

Basi mama amwamshaye mwanawe alfajiri, na baba amshikaye mkono hadi msikitini, wote wawili ni wajenzi. Tuanze kesho, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.