Ordinatere ya sendika: tuanze na umeme, karte ya mchezo ije mwisho

Wandugu wachimbaji, bamama wa kutwanga mawe, wabebaji, na ninyi vijana wa Mubi na Ndjingala: kuna jambo moja linagawanya watu katika sendika yetu, na si bei ya mchanga wala vizuizi vya barabarani. Ni ordinatere ya mezani iliyo katika biro yetu. Imezeeka. Ukiiwasha asubui, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi, bado inajifungua. Wote tunakubali kwamba inapaswa kutengenezwa. Lakini kutengenezwa kwa ajili ya nini? Hapo njo penye mvutano.

Wazee wanasema: mchango wa mchimbaji ni jasho, si feza ya kuchezea. Masini iwe ya kazi tu, na vijana waende kucheza kwao. Vijana nao wanasema: sisi pia tunatoa mchango, na mangaribi biro inafungwa, masini inalala bure. Tuiongezee nguvu, ifanye kazi mchana, na usiku tucheze mpira wa ekra na mbio za magari.

Sisi tunaona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Masini moja inaweza kufanya kazi zote mbili. Lakini hatuwezi kununua kila kitu kwa mara moja, na yule anayeanza na kitu cha mchezo atabaki bila mchezo na bila kazi. Tununue kwa utaratibu, na utaratibu huo tuuandike kabla ya kutoa hata franka moja.

Kwanza tukumbushane kwa nini sendika ya wachimbaji inahitaji ordinatere. Mchanga tunautoa sisi, lakini mizani ni ya mwingine na kalamu ni ya mwingine. Kilo zinaandikwa fasi nyingine, makato yanahesabiwa fasi nyingine, etiketi ya mfuko inafungwa na mtu mwingine. Mchimbaji akilalamika kisha miezi mitatu, tunatafuta kaye. Kaye imeloana na mvua, ukurasa umepasuka, na mambo yanaishia kwa makelele. Tukiwa na tablo yetu wenyewe, kila shimo, kila wiki, kilo ngapi, bei gani, makato gani, tutakwenda mbele ya koperative au mnegosian na hesabu mkononi. Mtu mwenye hesabu anasikilizwa tofauti na mtu mwenye hasira. Kwa kazi hiyo hatuhitaji hata programu ya kununua: LibreOffice ni ya bure na inajumlisha kilo vizuri kabisa.

Kisha tufikiri juu ya jambo hili. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inatumiwa kuungisha vipande vya vyombo vya umeme. Bati ya kuungisha ya siku hizi, ile isiyo na risasi, inakuwa na bati zaidi ya sehemu 95 kwa 100. Na koltani inatoa tantale, ambayo wanaitia katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefone na ordinatere. Mgodi mkubwa wa Bisie, hapa hapa Walikale, peke yake ulitoa tani zaidi ya 17.000 za bati katika mwaka 2024. Basi ndani ya ile masini mnayoiogopa kuna mawe ya nchi hii. Si aibu kwa mtoto wa mchimbaji kuikalia mbele na kuijua.

Na mchezo je? Bapapa, tuseme wazi. Watoto wengi wanasoma informatike kwenye ubao: mwalimu anachora klavye kwa chaki, wanafunzi wanainakili. Kijana aliyecheza mpira wa ekra kwa miezi miwili haogopi tena masini. Anajua kuifungua na kuifunga, anajua faili iko wapi, anajua kle ikileta virusi inakuwa namna gani. Kutoka hapo kwenda kwenye tablo ya kilo si mbali. Sheria ya madini inasema kadi ya mchimbaji ni ya mtu mzima, lakini kila mmoja wetu anajua vijana wanaozunguka mashimo kwa sababu mangaribi hawana fasi nyingine ya kwenda. Biro yenye mwanga na watu wazima wanaoangalia ni bora kuliko fasi ya kulewa.

Sasa tuingie katika utaratibu wenyewe.

La kwanza ni umeme. Masini ya biro ikifanya kazi ya kuandika, pamoja na ekra yake, inakula karibu wati 80. Ikicheza mchezo mzito na karte ndogo ya picha, inaweza kufika wati 180. Chukua batri moja ya volti 12 na amperi-saa 200. Kwa karatasi ina wati-saa 2.400, lakini batri ya risasi ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo hesabu nusu: 1.200. Konvertisere nayo inakula sehemu yake. Inabaki karibu 1.000. Kwa kazi, ni saa 12. Kwa mchezo mzito, ni saa tano na nusu, na batri imekwisha. Asubui mwandishi anakuta giza. Na kwetu mvua haiombi ruhusa: pano mbili za wati 200 zinaweza kuijaza batri hiyo siku ya jua kali, lakini siku ya mawingu, hapana. Tena kuna zile telefone zote zinazokuja kuchajiwa. Kwa hiyo feza ya kwanza iende kwa batri nzuri, pano, na konvertisere isiyopandisha na kushusha umeme ovyo. Grupe ya esanse ibaki ya shida tu, maana esanse ikifika Mubi imekuwa na bei ya dawa.

La pili ni diski. Masini yetu ina diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Hiyo njo inafanya masini ichelewe, na hiyo njo inakufa ikipigwa na mashimo ya barabara juu ya pikipiki. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Ukiitia tu, bila kugusa kitu kingine, masini ya zamani inafunguka kwa muda mfupi sana. Kwa feza kidogo hakuna kitu kinachobadilisha masini kuliko hicho, kwa kazi na kwa mchezo pia. Ile ya zamani, kama bado nzima, itunze kopi.

La tatu ni memware. Giga 4 ni kidogo leo. Giga 8 zinatosha kwa kazi. Giga 16 zinatosha kwa kazi na kwa michezo mingi. Kabla ya kutuma mtu Kisangani au Bukavu kununua, tufungue masini tuangalie: DDR3 haiingii katika fasi ya DDR4, hata ukisukuma. Na ni bora kununua vipande viwili vilivyo sawa kuliko kipande kimoja kikubwa, maana masini isiyo na karte ya picha inatumia memware hiyo hiyo kwa kuchora, na vipande viwili vinaifanya ichore kwa haraka zaidi.

La ine ni kuuliza kama masini yenyewe inastahili kuongezewa. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masini za Intel, inataka prosesere ya kizazi cha nane au zaidi. Kama yetu ni ya zamani kuliko hapo, tuko na njia mbili: kuitilia Linux, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa tablo na barua, au kutafuta masini nyingine iliyotumika, aina ya Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, ambazo biro za Ulaya zinaziuza zikibadilisha vyombo. SSD na batri tulizokwisha kununua zitahamia kwenye masini hiyo, hatupotezi kitu. Memware itahamia tu kama ni ya aina moja, kwa hiyo tuamue hili la ine kabla ya kulipa la tatu.

La tano, na la mwisho, ni karte ya picha. Hapo njo vijana wanataka kuanzia, na hapo njo feza inapotelea. Masini nyingi za biro zina alimantasyo ndogo, wati 200 hivi, na kasha nyembamba. Karte kubwa za mchezo haziingii, na zikiingia hazipati umeme wa kutosha. Iko karte kama GTX 1650, yenye giga 4, inayokula wati 75 tu. Aina zake nyingi zinapata umeme wote kwenye fasi yake bila waya ya kuongeza, na iko pia fupi kwa kasha nyembamba. Hiyo inatosha kwa mpira na magari. Ile inayokula wati 170, kama RTX 3060, tuiache kwa watu wenye umeme wa ukutani. Tena michezo ya zamani, kama PES 2013, inaweza kucheza bila karte kabisa. Vijana waanze na hiyo tangu siku SSD na memware zitakapokuwa ndani.

Kuna wandugu wanaosema: kwa nini tusinunue ordinatere ya kubeba, yenye batri yake? Inakula umeme kidogo, na vita ikija unakimbia nayo. Ni neno zito, hatulipuuzi. Lakini masini inayobebeka inakuwa ya yule anayeibeba. Leo iko kwa mwandishi, kesho iko kwa shemeji yake, kesho kutwa hakuna anayejua. Na ikiharibika kipande kimoja, mara nyingi yote imekwisha. Ya mezani inabaki biro, mbele ya macho ya wote, na kipande kikifa tunabadilisha kipande.

Juu ya vita, tuseme tunavyojua. Machi 2025 watu wa Walikale na Mubi walikimbilia porini na barabarani, na mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi karibu mwezi mzima. Hata bila vita tumeona: kutoka Septemba 2010 hadi Machi 2011 serkali ilifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, na feza ikakatika siku moja. Njo maana tunakataa kumwaga sanduku lote kwa ununuzi mmoja. Na njo maana tunaipenda SSD: ni nyepesi kama kipande cha sabuni. Siku ya kukimbia, unafungua kasha, unaitoa, unaitia mfukoni, na hesabu za miaka zinakimbia pamoja nawe. Kasha na ekra wakiiba, waibe. Lakini kila Jumamosi kopi iwekwe kwenye kle mbili, kwa watu wawili wanaokaa mitaa tofauti. Na kaye ya karatasi isitupwe.

Mwisho, kanuni. Tunapendekeza hivi. Kazi ni kutoka asubui hadi saa kumi na moja. Hakuna mchezo hapo, hata kwa mtoto wa rais wa sendika. Kisha saa hiyo, mchezo hadi saa mbili usiku, kama batri inaruhusu. Batri ikifika nusu, tunazima bila majadiliano. Anayecheza analipa kidogo kwa saa, na feza hiyo inaingia katika sanduku la batri peke yake, maana batri itakufa kisha miaka michache na hatutaki kurudi kwa bamama kuomba mchango tena. Wacheza wawe na jina lao la kuingilia, na faili za kilo ziwe na neno la siri ambalo hawana. Siku mbili kwa wiki ziwe za wasichana, maana tusipowawekea siku hawatapata kiti. Na kila anayecheza ajifunze kujaza tablo ya shimo moja. Asiyejua tablo baada ya mwezi, asubiri nje.

Bamama walituuliza: sisi tutapata nini? Mtapata risiti. Kila anayetwanga na kubeba awe na jina lake katika tablo, na siku zake za kazi, na feza aliyolipwa. Kama jina lake halimo, basi masini hiyo haijaanza kazi yake, hata kama mpira unachezwa vizuri.

Katika mkutano mkuu ujao tunaomba mambo mawili yapigiwe kura: utaratibu wa ununuzi, kutoka umeme hadi karte, na kanuni za saa. Bei za kila kipande ziletwe na watu wawili kutoka miji miwili, zisomwe mbele ya wote, na risiti zibandikwe kwenye ukuta wa biro. Karte ya picha tuijadili tena siku batri itakapokuwa imemaliza miezi mitatu bila kutuacha gizani.