Ngongo Lutete hakununuliwa

Bariadi, mji uliowahi kuwa ngome ya chama cha upinzani cha UDP, mtu akihama chama hukumu huwa tayari: kanunuliwa. Hukumu hiyohiyo hubandikwa Ngongo Lutete, jemadari wa Tippu Tip, mfanyabiashara Mwarabu wa Zanzibar wa pembe na watumwa, aliyehamia kwa Wabelgiji huko Kongo mwaka 1892. Nina pingamizi.

Alinunuliwa? Kabla ya kusalimu amri, majeshi yake yalikuwa yameshapigwa na Francis Dhanis, ofisa wa Wabelgiji, mara kadhaa. Tippu Tip alikuwa amerudi Zanzibar. Kongo kabaki mwanawe, Sefu. Jemadari aliyeshindwa, bwana wake yuko mbali, alipima nguvu akachagua upande unaoshinda. Aliyekwisha kupigwa hana bei ya kupanga.

Wengine husema aliwageuka ndugu zake Waarabu. Hakuwa Mwarabu. Alikuwa mtu wa bara, alitiwa utumwani angali mtoto, akapanda kwa ukali wa vita hadi kukabidhiwa majeshi. Udugu gani huo ulioanzia kwenye mnyororo?

Wapo pia wanaomtakasa, eti alihama ili kuwakomboa watumwa. Huyu aliyekuwa akivamia vijiji na kuteka watu! Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, aliandika kwamba penye malango ya Ngandu, boma la Ngongo, njia ilitandikwa mafuvu ya watu. Tukiondoa chumvi ya Mzungu anayewaandikia wasomaji wa kwao, bado hatupati mkombozi.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba alikuwa kigeugeu wa kuzaliwa, akawageuka Wabelgiji nao, ndipo wakampiga risasi. Wapiganaji wake walikuwa na Dhanis mji wa Waarabu wa Nyangwe ulipotekwa Machi 1893, wakawa naye Kasongo ilipoanguka Aprili. Septemba, Dhanis akiwa mbali, maofisa wachache wa Kibelgiji pale Ngandu walimtuhumu uhaini, wakajifanya mahakama, wakamhukumu kifo. Hinde alitumwa Ngandu kuliangalia jambo hilo. Alipofika, Ngongo alikuwa ameshauawa. Ushahidi wa usaliti huo wa pili ni neno la waliomuua. Kwangu hautoshi.

Wala mambo hayakuishia kaburini. Julai 1895 askari wa kambi ya Wabelgiji ya Luluabourg, Kongo, wengi wao watu wake wa zamani, waliasi wakamuua kamanda wao Mbelgiji. Miongoni mwa sababu za uasi huo kilikuwa kifo cha Ngongo Lutete.