Kabla ya Kumwita Mtoto Kikojozi, Apimwe Mkojo

Wazazi wenzangu mlioko ughaibuni,

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalionea haya, nalo ni mkojo wa watoto. Mtoto akijikojolea tunamwita kikojozi, tunamsimanga mbele ya wageni, wengine tunamchapa, na tukienda likizo nyumbani tunamtafutia mganga. Mimi naona tunakosea. Ni kweli watoto wengi wanaokojoa usiku tu hawana ugonjwa na wataacha wenyewe. Lakini wapo wachache waliozaliwa na kasoro ya figo au njia ya mkojo, na hao fimbo haiwasaidii kitu.

Chukua mfano wa binti ambaye chupi yake haikauki mchana wala usiku, ingawa anakwenda chooni kama wenzake. Huenda mrija mmoja kutoka kwenye figo haukuingia kwenye kibofu bali umetokea chini yake, pengine ukeni. Mkojo unavuja bila yeye kuweza kuuzuia. Dawa yake ni upasuaji, sio matusi.

Mwingine ana homa zinazokwenda na kurudi. Tukiwa huku tunasema ni meno au mafua, tukiwa nyumbani tunasema malaria. Kumbe mkojo unarudi nyuma kutoka kwenye kibofu kwenda kwenye figo, na vijidudu vinapanda nao. Katika watoto wadogo wanaopata maambukizi ya mkojo yenye homa, karibu theluthi moja hukutwa na tatizo hili. Maambukizi yakirudia yanaweza kuacha makovu kwenye figo, na baadaye kuleta shinikizo la damu.

Yupo pia anayeumwa tumbo na kutapika kila baada ya muda, tukampa dawa ya minyoo, kumbe mkojo umeziba pale unapotoka kwenye figo. Na mtoto wa kiume ambaye mkojo wake unadondoka matone badala ya kuruka, huyo asingojewe hata kidogo.

Ushauri wangu ni huu:

1. Mtoto akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi isiyo na sababu inayoonekana, omba apimwe mkojo. Kama mmetoka safari Afrika, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na isipoonekana msiishie hapo. Mchanga wa chini ya miezi 3 akipata homa, mkimbizeni hospitali.

2. Usimpe antibayotiki zilizobaki kabatini. Zinaweza kuficha vijidudu kabla mkojo haujapimwa.

3. Kama picha ya ultrasaundi wakati wa mimba ilionyesha figo imevimba, rudini kwa vipimo hata kama mtoto anaonekana mzima. Wengi wetu hatuendi tena.

4. Kama lugha ni shida, omba mkalimani. Usimfanye mtoto atafsiri maradhi yake mwenyewe.

Kasoro hizi ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa kazi utotoni. Kipimo cha kwanza ni kikombe cha mkojo tu. Tuache aibu, tuulize mapema. Mtoto hakuchagua kuzaliwa hivyo, na sisi ndio mdomo wake mbele ya daktari.